Nyumba Niliyoibomoa Mlimani

Mtu aliyevuka jana kutoka Kamanga, ng'ambo ya ziwa, kaniambia yule fundi mawe niliyefanya naye kazi kwenye machimbo ya dhahabu amekufa, na amekwisha kuzikwa. Hakuna aliyeniita mazishini. Sishangai.

Mimi shule niliionja tu, lakini unyapara nimeufanya kwa jasho langu, na mji wa machimbo naujua kuliko wenye ramani. Juu kabisa, kwenye upepo, walikaa wazungu. Katikati ya mteremko makarani na duka la Mhindi. Wachimbaji bondeni, kwenye mkondo, chini ya bwawa lililozuia tope la mashine ya kusagia mawe. Ukimwona mtu jioni anapanda, ujue si mchimbaji. Fundi huyo mkewe alikuwa mjamzito, naye akaapa mtoto wake hatazaliwa topeni. Kila Jumapili akajenga kidogo kidogo juu, katikati ya majabali mawili. Nikatumwa.

"Karibu, bwana nyapara! Umekuja kunisaidia kuezeka?"

"Nimekuja kubomoa. Shuka kwa wenzako."

"Kule ni njia ya maji, ndugu yangu. Mbuzi wako mwenyewe ungemlaza kule?"

Wanawake waliokuwa wakipita na mitungi wakaangua kicheko. Amri ilikuwa ya kampuni, lakini hasira ilikuwa yangu. Nikausukuma ukuta mbichi kwa mguu mpaka ukalala. Akashuka na mkewe.

Masika bwawa likapasuka mchana kweupe. Mke tulimvuta topeni akiwa hai. Mtoto, aliyezaliwa siku chache tu nyuma na hata jina alikuwa bado hajapewa, tulimpata kesho yake, amekufa. Nilikwenda kaburini nikiwa tayari kutukanwa, hata kupigwa. Fundi alinitazama, akanipa ncha ya mkeka. "Shika huko," akasema. Basi. Hakunisemesha tena mpaka amekufa. Kampuni ikajenga bwawa upya, na nyumba za wachimbaji zikarudi palepale. Msimamizi nilikuwa mimi.

Siku hizi wakubwa mjini wanasema watu wetu wanapenda kukaa mabondeni, na kwamba milima ndiyo iliyoamua nani akae wapi. Uongo. Mlima haukumfukuza mtu. Tuliofukuza tulikuwa watu, tuna majina, na wengine bado tunaamkiwa shikamoo.