Uvimbe Usiouma

Kaka yangu alinionyesha uvimbe wake siku tulipokuwa tukioga ziwani, kisiwani Bumbire, nilipomtembelea kambini kwa wavuvi. Ulikuwa kwenye korodani ya kushoto, mgumu, mdogo kama punje ya kahawa. Aliniuliza mimi kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa shule kijijini Kanazi, na kwetu mwalimu huulizwa kila kitu.

"Hauumi," alisema. "Niende hospitali?"

"Kama hauumi, kaka, achana nao."

Tukavaa, tukaenda kula samaki.

Baada ya mwaka hivi alirudi nyumbani amekonda, anakohoa. Hakuna aliyemuuliza anaumwa nini. Miaka ile ya ukimwi Bukoba nzima ilikuwa na jibu moja kwa kila aliyekonda, tena akiwa mvuvi ndiyo kabisa. Tulizika Jumanne, tukazika Ijumaa, machozi yakatuishia. Mama alimpikia uji, akasubiri. Nami nilisubiri. Ni aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa: hatukumpeleka popote.

Siku moja nikimwogesha nyuma ya nyumba, migombani, niliuona tena ule uvimbe. Ulikuwa umefikia ukubwa wa chungwa. Nikakumbuka nilichomwambia, nikaendelea kumsugua mgongo. Wiki ya pili tulimzika. Sikulia. Niliona mikono imeshika jembe, sikuhisi kama ni yangu.

Tangu hapo, kila nikioga maji ya moto, nilijipapasa kwa vidole, korodani moja kisha nyingine. Sikumwambia mtu. Wala sikuwa na hofu, nilizoea tu. Mwaka wa tatu kidole kikagusa kitu upande wa kulia, kidogo, kigumu, kisichouma.

Kesho yake nikapanda basi kwenda hospitali mjini. Mke wangu aliponiona nimevaa shati la Jumapili siku ya kazi, alikaa chini mlangoni. Alidhani kile walichokuwa wakidhani wote. Nilimpita bila kumweleza.

Daktari alinipima, akauliza kama panauma. Nikasema hapana, nimekigusa tu nikijipapasa bafuni. Akasema ndiyo maana wengi huja wamechelewa, saratani ikiwa imeshapanda mapafuni, wanakohoa na kukonda, na watu wanaipa jina jingine. Hapo nikajua kilichomuua kaka.

Akasema korodani ile itolewe wiki hiyohiyo, na kwamba nimewahi, nitapona.

"Nani alikufundisha kujikagua?"

"Kaka yangu."

Akatabasamu, akaniambia nikifika nyumbani nimshukuru. Nikaitikia.