Duara la Kijani

Mke wangu hukaa dirisha la tatu la mapokezi ya hospitali, na wagonjwa wamempa jina la Mama Ngoja Kidogo. Hakulichagua. Ukimpa kadi yako anaingiza namba, anabonyeza, kompyuta inaganda, naye anakuambia, "Ngoja kidogo, baba." Unangoja. Mtoto analia mgongoni mwa mama yake, mzee anaegemea ukuta, na walio nyuma wanaanza kumsema kwa sauti kusudi asikie. Seva yenyewe, ile kompyuta kuu inayotunza kumbukumbu zote, imefungiwa ghorofa ya pili kwenye chumba cha baridi, haimjui mtu wala haitukanwi. Anatukanwa yeye.

Mimi ni fundi cherehani na karakana yangu ni sebule yetu, kwa hiyo akirudi ananikuta. Hukaa kwenye benchi la wateja, akavua viatu, akaomba maji. Jumatatu haombi hata maji. Jumatatu moja alisema tu, "Leo nimeitwa mvivu na mtu ninayemhurumia," akaingia chumbani. Nilikanyaga cherehani kwa hasira mpaka uzi ukakatika.

Kwa hiyo hospitali ilipounda kamati ya kuchagua zana ya kuifuatilia ile seva, nilishangilia. Ingekuwa programu ya kukaa ndani ya mfumo endeshi wake na kusema mashine inaelemewa wapi. Nikasema sasa mwizi wetu atajulikana. Tena mtunza seva ni mdogo wake mke wangu, shemeji yangu mwenyewe, niliyemshonea suti ya mahafali na suti ya harusi. Nani angetuangusha?

Zana zilikuwa tatu. Moja ilikuja na mfumo endeshi wenyewe: maandishi meupe kwenye kioo cheusi, safu za namba, hakuna pambo. Ya pili ilijaa michoro hadi macho yanauma. Ya tatu ilikuwa duara moja kubwa: kijani mambo shwari, njano tahadhari, nyekundu hatari, na mkurugenzi angeweza kulitazama kwenye simu yake akiwa popote. Wajumbe walilipenda duara tangu lilipofunguliwa. Shemeji alijaribu kusema kwamba ile nyeusi ndiyo inayoona zaidi. Mjumbe mmoja akauliza kama ni tangazo la msiba, watu wakacheka, naye akanywea. Kura ilipopigwa, akanyoosha mkono pamoja nao.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Nawaheshimu wahenga, ni kama waliiona kamati ile. Hapo waliochagua jembe hawakuwa wakulima hata kidogo, na shamba likabaki kwa mke wangu.

Duara likatundikwa kwenye televisheni kubwa ukumbini, mkabala na madirisha. Likawa kijani. Foleni nayo ikazidi kuliko zamani. Mkuu wa utawala akalitazama duara, akaitazama foleni, akapata jibu lake: mashine ni nzima, basi wabovu ni watu. Dirisha la tatu ndilo lenye foleni ndefu kuliko yote, kwa sababu ndilo la wazee na wajawazito, watu wenye kumbukumbu nyingi za matibabu ambazo kompyuta inabidi izivute zote. Hilo hakuliuliza. Mke wangu akaitwa mbele ya kamati ya nidhamu kwa uzembe, na akaambiwa wazi kwamba anaweza kufukuzwa. Ushahidi ungekuwa duara. Wa kuuleta, mtunza seva.

Jioni hiyo shemeji akaja nyumbani. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mgeni.

"Shemeji, nimeambiwa nilionyeshe duara tu," akasema. "Kazi yangu ni kulionyesha."

"Ukalionyeshe ili dada yako afukuzwe?"

"Na mimi nina mkataba wangu, shemeji."

"Mwache, baba watoto," mke wangu akasema. "Na yeye ana wanaomtegemea."

"Nimwache wapi! Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ndiyo kazi yangu. Hebu niambie, bwana mdogo, hizo zana mlizijaribu lini?"

Akatazama chini. "Jumapili."

"Jumapili madirisha yamefungwa!"

"Ndiyo. Mkuu alisema tusivuruge kazi."

Hapo mori ulinipanda kwelikweli. Nilisimama, nikamwonyesha koti la mteja lililoning'inia. Nikamuuliza kama niseme koti lile limekaa sawa kwa kuwa hanga halijalalamika, na mteja akija likimbana nimwambie kosa ni la tumbo lake. Mke wangu akacheka, mara ya kwanza wiki ile, na kicheko chake kikanizidishia uchungu.

Ndipo shemeji akafunguka. Duara, alisema, linapima kitu kimoja tu: prosesa, ule ubongo wa mashine, inahangaika kiasi gani. Seva yetu haikwami hapo. Inakwama kwenye diski, kumbukumbu zinakofuatwa, na prosesa inabaki imekaa ikizisubiri.

"Yaani mimi nikikaa hapa sina kitambaa, duara lenu litasema nimepumzika?"

"Litasema hivyohivyo."

"Na mteja anayesubiri suruali yake?"

"Huyo halimjui, shemeji. Halafu hilo duara nalo linaandika kumbukumbu zake kwenye diski ileile, kila sekunde. Tangu tulifunge, mambo yamekuwa mabaya zaidi."

"Unayajua yote haya na umekaa!"

"Nilisema mara moja wakacheka. Niliogopa kusema tena." Aliondoka bila kuahidi kitu, na sikumsindikiza.

Mke wangu aliruhusiwa kwenda na mtu mmoja wa kusimama naye. Wenzake wote, ajabu, walipata shughuli. Nikaenda mimi, na utepe wa kupimia ungali shingoni. Kikao kilikuwa Jumatatu asubuhi, saa ambayo ukumbi wa chini umefurika, maana hiyo ndiyo saa iliyompendeza mwenyekiti.

Shemeji aliunganisha kompyuta yake ukutani. Duara, kijani kama jani. Mkuu wa utawala akatikisa kichwa kwa huzuni ya kujifanya, nami nikashika utepe wangu nisije nikashika kitu kingine.

"Asante, unaweza kwenda," mwenyekiti akasema.

Shemeji hakwenda. Akafungua ile zana nyeusi. Namba zikaanza kupanda mbele yetu. Akaweka kidole kwenye safu moja. "Hii ni kazi inayosubiri diski, mheshimiwa. Sasa hivi, tukiwa hapa, madirisha yote yamekwama. Na la tatu halina mtu." Kisha akalizima duara. Safu ile ikashuka, si yote, ila ikashuka, na hata mimi nisiyejua kitu niliona.

Tulitolewa nje. Tuliporudishwa, mwenyekiti alikuwa na uso wa mtu anayetoa zawadi. "Mama, kamati imezingatia yote. Imeamua kukusamehe."

Nilishusha pumzi. Kazi imebaki! Nilikuwa nimeshanyanyuka nusu kitini.

"Kosa gani?" mke wangu akauliza.

"Nini?"

"Mmenisamehe kosa gani?"

"Mama, shukuru, nenda kazini."

"Nikienda na msamaha, nimekosa. Kesho foleni ikikwama, mtasema tulimsamehe na bado. Siutaki." Akakaa. Msamaha ule ni kuuma na kupuliza, na yeye alikataa kupulizwa. Nilimvuta ukosi nikamnong'oneza kwamba kazi ni kazi. Hakunitazama.

Chini kelele ziliongezeka. Mara mlango ukafunguliwa, mkurugenzi mwenyewe, simu mkononi. "Dirisha la tatu halina mtu? Watu wanagonga kioo!" Mwenyekiti alimtazama mke wangu, mke wangu akatazama mikono yake. Mwisho mwenyekiti akamgeukia katibu. "Andika: hakuna kosa."

"Asome," mke wangu akasema.

Katibu akasoma. Ndipo mke wangu akainuka, akanyoosha sketi, akashuka ngazi, mimi na shemeji nyuma yake. Nilimshika shemeji bega.

Ukumbini, kwenye ile televisheni, duara lilikuwa lingali kijani. Programu imezimwa ila picha yake ya mwisho imebaki, na hakuna aliyeona tofauti. Chini yake, wa kwanza kwenye foleni alikuwa mzee mwenye gongo, na kabla mke wangu hajakaa vizuri akaanza kumfokea: tangu alfajiri yuko hapa, wanalipwa kwa kazi gani, hawana haya?

Nilitaka kuruka nimweleze. Nilitaka nimpandishe ghorofani yule mzee, niwapange wanakamati wale mbele yake, mmoja mmoja.

Mke wangu aliipokea kadi yake kwa mikono miwili. "Nisamehe, baba," akasema. "Nimekuweka sana."