Fundi wa friji anayelinda chanjo kwa kubipu

Saa moja asubuhi, Mwanasiti amelala kifudifudi nyuma ya friji ya chanjo katika kituo kimoja cha afya Kanyosha, kusini mwa Bujumbura. Inayoonekana ni miguu tu.

"Adélaïde, chomoa!" anapaza sauti.

Muuguzi Adélaïde anachomoa plagi. Haipiti dakika, simu iliyo mfukoni mwa koti lake inaita mara moja na kukatika. Wanacheka wote wawili.

Bipu hiyo ndiyo kazi yenyewe. Ndani ya friji kuna kifaa kidogo kinachopima joto, na juu yake imefungwa simu kuukuu. Ikibipu mara moja, umeme umekatika. Mara mbili, joto limepanda. Mara tatu, acha kila kitu ukimbie. Muuguzi hapokei, kwa hiyo hakuna salio linaloliwa.

Programu inayoongoza yote hayo iliandikwa na mama huyu wa miaka arobaini na mitatu, aliyeacha shule darasa la tisa na kujifunza kwenye kompyuta mbovu aliyoifufua mwenyewe.

"Mi niko fundi wa frigo tu," anasema akijipangusa vumbi. "Lakini mama akitembea na mutoto mugongoni, akute chanjo imeharibika, mi nasikia haya."

Fundi tu! Leo programu yake inatumika bure katika vituo mia mbili na kumi na viwili, katika nchi sita. Wenzake wanane wanaijenga pamoja naye kwa kujitolea, kutoka Uvira, Kigoma, hadi Brazili. Mwandishi wa makala hii ana miaka kumi na minane kazini, na hajawahi kuona jambo kubwa kiasi hiki likitoka kwenye kisanduku cha spana. Kutengeneza friji moja humpa faranga elfu thelathini. Programu haijampa hata moja.

Tatizo ni kwamba nywila zote alikuwa nazo yeye peke yake.

Aprili alifanyiwa upasuaji, akalazwa siku tisa, simu yake ikiwa imezimwa ndani ya kisanduku cha kazi. Siku hizohizo programu ikaacha kubipu kwenye aina fulani ya simu, ikiwemo ile ya Kanyosha. Gaël, mwalimu wa hesabu wa mtaa wa Mutanga Sud, Bujumbura, ambaye ni mmoja wa wanaojitolea, alipata dawa ya kosa hilo siku ileile. Hakuweza kuituma bila nywila.

Jumapili umeme ukakatika Kanyosha. Adélaïde alikuwa nyumbani, simu mkononi, ametulia kabisa.

"Tulizoea, isipobipu ni amani," anasema, akikumbuka Jumatatu iliyofuata. "Lundi nafungua frigo, chanjo zimekuwa moto. Watoto makumi sita tuliwarudisha."

Baada ya hapo likaja shirika mwavuli kutoka Kampala. Kazi yake ni kulea miradi midogo ya kujitolea: linatunza jina na nywila, linasaini mikataba, ili mradi usife kwa sababu ya mtu mmoja.

Gaël alitaka wajiunge mara moja. "Mama Lamya, we uko mutu moja," alimwambia Mwanasiti, akimwita kwa jina la mwanawe. "Mutu moja anagonjwa."

Aliyepinga ni Adélaïde, huyohuyo aliyetupa chanjo. "Kesho watasema kubipu ni mambo ya zamani," alimjibu. "Watatuletea message za kulipa. Nitalipa na nini?"

Mwanasiti akawasikiliza wote, kisha akarudi kwenye desturi yake. Hakuna anayegusa programu hiyo kabla ya kukaa siku nzima kwenye benchi la akina mama wanaosubiri chanjo. Yule wa Brazili alikaa, kwao. Basi Pontien, afisa wa shirika, naye akakalishwa hapa Kanyosha, kwa muda wa saa saba, suruali yake nzuri ikakojolewa na mtoto aliyeombwa kumshika.

Jioni Mwanasiti akampa sharti moja: kubipu kubaki, bure, na hilo liandikwe kwenye mkataba. Pontien akasema bodi itaamua.

"Sawa. Wakikubali, nibipu mara moja," akamwambia.

Bodi imekaa leo. Ndiyo maana tangu alipoinuka nyuma ya friji, jicho la Mwanasiti haliondoki kwenye simu yake iliyo juu ya meza ya chanjo.

Saa tano na robo inaita. Mara moja. Inakatika. Namba ni ya Kampala.

Adélaïde anashika kichwa. "Umupigie basi, umuulize vizuri!"

"Apana, sha. Amesema yote." Mwanasiti anafunga kisanduku chake. Kesho, anasema, shirika na watatu kati ya wenzake watapewa nywila, kisha atapumzika wiki nzima kwa dada yake, mtaa wa Musaga, mara ya kwanza katika miaka saba.

"Sasa inshallah naweza kugonjwa," anasema, machozi yakimtoka. "Na hakuna mutoto atarudishwa."