Soketi ya Nyumba ya Kinondoni

Nakumbuka, mwanangu, siku umeme ulipoingia nyumbani kwetu Kinondoni, enzi za Mwingereza, mie bado mama kijana mwenye mtoto mmoja, Mwajuma. Mume wangu Salum, aliyekuwa karani, alishanunua redio na kualika wenzake wa kazini waje kuisikiliza jioni ile ile. Fundi akataka kufunga soketi chini, karibu na sakafu. Kabla hajatoboa, mama mkwe wangu, Bi Hadija, akatandika mkeka pale pale ukutani, akakaa na tasbihi yake.

"Mama, tunamchelewesha fundi," Salum akasema.

"Na achelewe. Hilo tundu litakuwa usawa wa uso wa mjukuu wangu."

Fundi akaeleza kwamba zipo soketi zenye vifuniko kwa ndani, havifunguki mpaka plagi yenyewe iingie. Ila hakuwa na soketi ya namna hiyo, ingebidi iagizwe. Salum akanuna. "Wageni nitawaambia nini?" Akanigeukia mie, akitumaini nitamuunga mkono.

Zamani zile mke hakumpinga mumewe mbele ya fundi. Lakini mie ndiye niliyeshinda na Mwajuma. Hakuna tundu alilolipita bila kulitia kijiti: la siafu, la kitasa, hata sikio la paka, maskini.

"Tungoje, baba Mwajuma," nikasema.

Bi Hadija akamtazama mwanawe. "Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nuna tu."

Wageni wakaja, wakanywa kahawa, wakaitazama redio iliyo bubu, wakaaga. Usiku ule Salum akalala akinipa mgongo. Soketi ilipopatikana, fundi akaifunga, tukasahau.

Asubuhi moja Salum alikuwa akivaa viatu, nikamsikia akipiga ukelele. Mwajuma alikuwa amepiga magoti ukutani, pini yangu ya nywele mkononi, akiisukuma kwenye soketi kwa nguvu zake zote. Pini ilipinda, haikuingia. Salum akamnyakua, akaketi naye sakafuni, kiatu kimoja mguuni, akitweta. Kisha akaenda uani kwa mama yake, akamshika miguu.

"Inuka," Bi Hadija akamwambia. "Utachelewa kazini."

Wahenga walisema, mtoto akililia wembe, mpe. Sawa, wembe hukata kidole, kidole kikapona, mtoto akajifunza. Umeme hausubiri mtu ajifunze. Basi unapojenga, mwanangu, tafuta fundi anayeijua kazi, akufungie soketi zenye vifuniko vya ndani kila chumba. Ikivunjika, ibadilishwe siku hiyo hiyo. Usiizibe kwa kitambaa. Na hata ukishafunga, jicho lako lisihame kwa mtoto. Mtu akikucheka kwamba unachelewesha kazi, mwache acheke.

Mola aijaze nyumba yako watoto, awakuze wote, na siku ikifika wakuzike wao, usiwazike wewe. Amina.