Programu Nilizozipanga Vizuri Mno

Mimi si mtu wa kumwamini mtu haraka, na Makambako ilinikomaza zaidi. Miaka ile soko huria lilikuwa limeshakolea, kila mwenye fremu barabarani akiuza chochote: mitumba, betri, mbegu za viazi. Mwajiri wangu, mzee wa Kiislamu aliyehamia pale kutoka Tanga na malori yake, alikuwa na duka la spea za magari. Kisha akafungua chumba cha kompyuta pembeni yake. Watu wa maofisini na mashuleni walileta mashine zao kuwekewa programu. Mimi nilichapa barua na kupokea wateja, na fundi alikuwa kijana wa Kibena aliyehamishwa kutoka kule kwenye spea.

Programu zenyewe sasa, Mungu wangu! CD za kutoka Dar, diski za kuazima, zote zimemwagwa kwenye mashine moja bila mpango. Mteja akitaka ya mahesabu, fundi anainamia kioo, anatafuta, anaguna, mteja anapiga miayo. Siku moja mwalimu mkuu aliyetoka Matembwe alichoka kusubiri, akaondoka zake kuwahi basi. Mzee alikasirika sana. Akatuambia palepale, "Nafungua duka la pili Njombe. Atakayenipangia huu uchafu ukaeleweka, ndiye atakayekwenda kulisimamia."

Njombe ndiko alikokuwa mwanangu. Nilimwacha kwa mama angali mchanga, kwa sababu chumba cha kupanga na kazi ya kutwa haviendi na mtoto wa mgongoni. Alikua akimwita bibi yake mama, na mimi akiniita dada, kama alivyowasikia wadogo zangu. Iliniuma, wacha nisidanganye. Nikamtumia mama salamu: nakuja kuishi Njombe, nitalala na mwanangu kitanda kimoja, atanizoea.

Basi nikapanga. Nilifuata kitu nilichokariri tangu shule ya msingi: mkoa, ndani yake wilaya, ndani yake tarafa, ndani yake kata. Ofisi ikawa folda kubwa, na ndani yake Barua, Mahesabu, Matangazo. Pembeni yake Shule, Michezo, na Matengenezo, humo zikakaa dawa za virusi na programu za printa. Kila programu ikae mahali pamoja tu, na mtu asiyewahi kuiona aifikie kwa kusoma majina. Ile ya kujifunzia taipu kwa kupiga herufi zinazoanguka ilinitesa. Ni shule au ni mchezo? Nikaiweka Shule, maana wanaoitaka ni walimu. Ndani ya Michezo nilifungua folda ya Watoto, nikaweka ya kupaka wanyama rangi. Hapo nilikuwa namfikiria wangu.

Asubuhi moja nikaikuta ile ya taipu iko Michezo. Nikasema labda nimejisahau. Siku iliyofuata dawa ya virusi imelala ndani ya Barua. Alaa! Ufunguo wa duka alikuwa nao fundi peke yake. Nikamtazama anavyokunywa chai yake taratibu, kofia ya sufu imemfunika masikio kwa baridi.

"Mama mkoa," akanitania, "watu wako wamehama tena?"

"Wamehamishwa," nikasema. "Na aliyewahamisha namjua."

Akacheka. Halafu akachungulia mlangoni, akashusha sauti. "Usipange zote. Nyingine bakiza kichwani. Kule kwenye spea tulikuwa tunachanganya makusudi, beringi ndani ya boksi la plagi. Mzee akitaka kitu, lazima atuulize sisi. Hakuna aliyewahi kufukuzwa."

Nikamwona mjanja huyu! Anataka nipange nusunusu, yeye amalizie, Njombe iwe yake. Tangu siku hiyo niliweka neno la siri kwenye mashine, nisimwambie mtu. Nilikaa nimeupa ukuta mgongo ili asisome ninachoandika. Hata chai aliyoninunulia niliinusa kwanza. Mwishowe akaacha kabisa kunitania.

Nilipomaliza, nikamwita Mzee. Alikuja baada ya swala ya adhuhuri, akavaa miwani, akashika kipanya kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nikamwambia atafute mwenyewe programu ya mahesabu ya duka. Ofisi. Mahesabu. Hii hapa! Akatafuta dawa ya virusi, akaipata. "Mashallah," akasema huku akicheka kama mtoto, "kumbe hata mimi naweza!" Mimi nilikuwa juu mawinguni. Fundi alikuwa akikaza skrubu, hakuinua kichwa.

Wiki iliyofuata kompyuta mpya, yenye folda zangu zote, ilipakiwa kwenye pikapu ya Mzee. Kiti cha mbele alikaa shemeji yake, aliyefika juzijuzi kutoka Tanga.

"Mzee, si uliniahidi?"

"Binti yangu, umefanya kazi nzuri, Mungu atakulipa. Lakini kwa ulivyoipanga, haihitaji tena mtu anayejua. Acha na ndugu yangu apate pa kujishikiza. Wewe baki hapa unichapie barua."

Machozi ya hasira yakanitoka mbele za watu. Fundi akaja akasimama karibu yangu. "Nilikuwa nakuvurugia ili Mzee asiweze bila wewe," akasema. "Wewe ukaniona mchawi."

Huenda alisema kweli. Lakini kama ningevurugiwa mpaka mwisho, nani angekwenda Njombe? Mpaka leo sijamwamini.

Nilipopata ruhusa nilikwenda kumwona mwanangu, nikampeleka kwenye lile duka. Nilitaka kuliona kwa macho yangu. Shemeji mtu alitupokea vizuri, "Kamwene, kamwene," ameshajifunza na salamu za kwetu. Akampandisha mtoto kwenye kiti. Michezo. Watoto. Hakutafuta wala hakuuliza. Mwanangu akaanza kumpaka tembo rangi nyekundu, ulimi umetoka nje kwa bidii.

"Umekuja na nani leo, mrembo?" shemeji akamuuliza.

Hakugeuka hata kunitazama. "Na dada," akasema. "Yule dada wa Makambako."