Usukani wa Gari la Tonton Mugisho

Gundi ya plastiki ina harufu isiyozeeka. Nilipofungua boksi lile mwezi uliopita, gundi yenyewe ilikuwa imekauka na kugeuka rangi ya kahawia, lakini harufu ilikuwa ileile: kali, tamu kidogo, ya kuumiza kichwa. Nyuma yake nikasikia harufu ya maharage yanayochemka, maana meza tuliyoundia gari ndiyo meza tuliyolia chakula, na nyumba yetu ya Anderlecht haikuwa na nafasi ya kutenganisha mambo hayo mawili.

Boksi lilikuwa juu ya kabati la mama. Mama anahamia ghorofa ya chini kwa sababu ya magoti, nami ndiye niliyetumwa kupanda kiti na kushusha vitu. Ndani mlikuwa na gari dogo la plastiki, jekundu, la milango minne, lenye magurudumu matatu. La nne lilikuwa limejibanza kwenye pembe ya boksi. Nikaamua kulitengeneza upya. Nina miaka thelathini na tisa, kazi yangu ni kupima macho ya watu, na sina mtoto wa kumsingizia. Gari nililitaka mwenyewe.

Niwape habari zake. Miaka ile ya tisini mama alikuwa anamhudumia bibi mmoja Mbelgiji kule Ixelles. Nilipotimiza miaka tisa, bibi huyo alinipa boksi la gari la kuunganisha ambalo mjukuu wake alikuwa amelikataa. Juu ya boksi palikuwa na picha ya gari. Ndani hamkuwa na gari. Mlikuwa na vipande themanini na kitu, vimeshikana kwenye fremu zake, pamoja na karatasi ya michoro. Nililia, na hadi leo naona nilikuwa na haki.

Aliyeniokoa ni Tonton Mugisho. Tonton ni mjomba kwa Kifaransa; alikuwa binamu ya mama, mwalimu wa hesabu kutoka Bukavu, na alikuwa ametufikia wakati wa baridi akiwa na begi moja na koti ambalo halikuwa lake. Alilala kwenye sofa la sebuleni akisubiri makaratasi yake ya kuishi huku. Alifika peke yake, ingawa nyumbani hakuondoka peke yake, na nilikuwa nimekatazwa kuuliza zaidi ya hapo. Sikuuliza. Nilichojua ni kwamba Jumatano, siku ambayo shule za huku hufungwa saa sita, nilizoea kukaa nyumbani peke yangu mpaka mama arudi, na tangu alipokuja sikukaa peke yangu tena.

Tonton hakuwahi kumiliki gari wala kuliendesha. Lakini karatasi yenye namba ilikuwa kitu anachokielewa. Aliikunjua mezani, akainyoosha kwa kiganja, akatangaza kwamba kuna hatua thelathini na moja na kwamba hatutaruka hata moja. Kipande kilikatwa kwa mkasi wa kucha, kikasuguliwa kingo zake kwa msasa, kikajaribiwa kikiwa kikavu, ndipo kikapakwa gundi, tone moja tu, kwa kijiti cha kiberiti. Kisha tulikishikilia tukihesabu mpaka sitini kwa Kifaransa. Nikienda mbio, alinirudisha kwenye un, yaani moja.

"Mutoto, gari haina haraka," alikuwa akisema. "Ni batu beko na haraka."

Jumatano moja, tukiwa hatua ya kumi na tisa, nilimuuliza atakaa kwetu mpaka lini. Alikuwa ameshikilia kiti cha dereva kwa vidole viwili, anahesabu. Alijibu bila kuinua macho: "Hii gari ikiisha, na miye naenda."

Alikuwa anatania. Leo nalijua hilo. Siku ile nililichukua neno lake kama lilivyotoka, nikaenda kujifungia bafuni na kukaa kwenye ukingo wa beseni mpaka miguu ikafa ganzi.

Hatua ya ishirini na tatu ilikuwa usukani, volant kama tulivyouita nyumbani. Kilikuwa kiduara cheusi chenye mikono mitatu, kidogo kuliko kifungo cha koti. Ulipaswa kuwekwa kabla bodi haijafunikwa juu ya viti, kwa hiyo bila usukani kazi ilisimama. Hayo nilikuwa nimeyaona kwenye mchoro. Jumanne, wakati Tonton ameshuka kutupa taka, niliukata kwenye fremu yake kwa meno na kuutia ndani ya kopo la biskuti ambalo mama alitunzia vifungo vya nyumba nzima. Nilijiona mjanja kupita kiasi.

Siku ya pili yake tulitafuta. Tuliinua zulia, tukapekua mikunjo ya sofa, tukamwaga vumbi la mashine ya kufagilia juu ya gazeti. Mimi nilitafuta kwa bidii kuliko yeye, jambo ambalo lingemshtua mtu yeyote anayenifahamu. Mwishowe alikaa chini, akalifunika boksi.

"Bon. Tutangoya," akasema. "Itaonekana."

Miezi ikapita. Gari likakaa juu ya kabati la vyombo, bodi upande huu na tumbo upande ule. Jumatano zetu zikahamia kwenye hesabu za sehemu, kumenya viazi, na kutembea mpaka kituo cha metro kuangalia tu treni zinavyoingia. Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa, Tonton alikaa dirishani na kopo la vifungo mapajani akishona. Mashati yake yote yalikuwa yametoka kwa watu wanene kuliko yeye, na kila mara kulikuwa na kifungo cha kusogeza. Mama akipita alimuuliza, "Na ile gari?" Naye alijibu, "Maman, tunangoya volant."

Mwezi wa tisa nikapata rafiki mpya darasani, Nadia. Kwao kila mtu alikuwa na chumba chake. Jumatano ya kwanza aliyokuja kwetu alikuta blanketi limekunjwa juu ya sofa, pajama imechungulia chini ya mto, na Tonton amesinzia mbele ya televisheni, kwa hiyo katuni hatukutazama. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama sebule yetu tunaipangisha. Hakuuliza kwa ubaya. Mimi niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Ningependa kuwaambia kwamba nilitubu. Sikutubu. Nilitaka sofa. Nilitoa usukani kwenye kopo la vifungo na kuuweka karibu na mguu wa sofa, mahali ambapo ufagio ungepita.

Tonton aliuona Jumatano iliyofuata, kabla Nadia hajafika. Aliinama, akauokota, akaupuliza vumbi, kisha akanitazama.

"Ah bon," akasema. "Imerudi."

"Ilikuwa chini ya sofa, tonton."

"Naona. Alors, tumalize."

Tulimaliza siku hiyohiyo. Nadia alipobisha hodi tukampa kazi ya kushikilia taa za mbele, naye akahesabu nasi mpaka sitini. Jumapili, baada ya kanisa, Tonton alibeba mifuko miwili akahamia chumba kimoja Koekelberg, karibu na basilika. Gari aliniachia. Jumatano nyingine Nadia nami tulitazama katuni tumejinyoosha sofani, kila mmoja na upande wake, na nisiwadanganye, nilifurahi.

Kwa miaka mingi niliisimulia hadithi hii kama kichekesho cha utundu wangu. Mwezi uliopita, tukiwa katikati ya maboksi, nilimwonyesha mama gari. Alicheka, akasema jambo kana kwamba nililijua siku zote.

"Makaratasi yake ilitokaka Pâques. Chambre ilikuwa tayari, clé iko mu mufuko yake. Nikamwambia, Mugisho, enda ukae kwako. Ananijibu tunangoya volant." Akaendelea kukunja taulo. "Aliogopa kulala fasi hakuna muntu anapumua."

Kutoka Pasaka mpaka mwezi wa tisa. Mtu mzima mwenye ufunguo mfukoni alikuwa amelala kwenye sofa fupi kuliko miguu yake, na mtu aliyemwondoa ni mimi. Sikuhitaji hata kufungua mdomo. Nilidhani nataka sofa tu, kumbe namwonyesha mlango. Jambo hilo liliniuma, na nilikaa nalo siku kadhaa bila kumwambia mtu.

Nikaanza kazi. Nililiosha gari kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, na gundi ya zamani ikaachia. Bodi ikatoka, na usukani ukadondoka kwenye sinki. Niliuwahi kabla haujaingia kwenye bomba. Tonton sasa ana miaka sabini na mbili, bado yuko Koekelberg, bado peke yake. Mimi humwona kwenye harusi na misiba, na mwaka mpya humpigia simu. Jumamosi asubuhi nilimpigia, ingawa haukuwa mwaka mpya.

"Tonton, niko natengeneza ile gari yetu," nikamwambia. "Volant imepotea tena."

Nilisikia redio yake, kisha nikasikia akiipunguza sauti.

"Ulishaangalia mu kopo ya bifungo?"

Kopo nilikuwa nimelichukua kwa mama na lilikuwa mezani mbele yangu. Usukani ulikuwa kwenye kiganja changu, bado una maji. Nikamwambia humo hamna.

"Bon," akasema. "Nakuya, tutafute." Akakohoa. "Kwako iko sofa?"

"Iko, tonton."

Nikaweka simu chini, nikautia usukani ndani ya kopo pamoja na vifungo, nikaenda kutoa mashuka.