Mate ya Baba

Baba yangu alicheka upande mmoja. Madaktari walipomtoa tezi ya mate yenye saratani chini ya sikio la kushoto, mshipa wa uso uliguswa, na tangu hapo shavu la kushoto likagoma. Kosa lilikuwa letu, tulichelewa. Mwaka mzima tuliudhani ule uvimbe ni matubwitubwi, tukaukanda kwa chumvi ya moto. Mama alimtania kwamba hasira zake zote sasa zimehamia kulia, basi yeye atakuwa anakaa kushoto.

Miaka ikapita. Pale kwetu Likasi, mji wa migodi, kazi yake ya kiwandani ilikuwa imebaki jina tu, mshahara hakuna. Baba akaanza kupata choo chenye damu, akanyamaza. Mficha maradhi kilio humfichua: siku tumbo lilipofunga, alipiga kelele mpaka majirani wakaja. Hospitali tulikwenda na glavu zetu, uzi wetu, hata mafuta ya mazutu ya jenereta. Wakamkata kipande cha utumbo mpana, kikapelekwa Lubumbashi kuchunguzwa. Jibu lilirudi kwamba ni saratani ileile ya tezi ya mate. Daktari mwenyewe alishangaa. Hakuwahi kuiona ikishukia huko.

Baba akaenda kufikiri peke yake, na baba akifikiri peke yake, kaa chonjo.

"Ni minye mwenyewe njo nilimeza hii bugonjwa," alitutangazia. "Ilishuka na mate."

Kuanzia siku hiyo hakumeza mate tena. Alizunguka na kopo la maziwa la kutemea.

Mimi nilikuwa naolewa mwezi ule. Kwetu binti haondoki nyumbani kabla baba hajamtemea mate kidogo viganjani na kumtakia heri. Baba akakataa katakata.

"Maneno nitakupa. Mate hapana, mama. Sitaki ukufe."

Nikamwambia maneno bila mate ni redio tu. Tukanuniana siku tatu. Nilikuwa na hasira, lakini zaidi nilikuwa na hofu: nilijua hatakaa sana, na nilimpenda, na sikutaka aniache na mikono mikavu.

Nikamburuta kwa daktari.

"Papa, hii bugonjwa ilipita mu damu, haikupita mu mate," daktari akamwambia. "Na kansere haiambukizake muntu."

"Kweli, munganga?"

"Kweli kabisa."

Palepale, mbele ya muuguzi, nikamnyooshea viganja. Baba akatema. Hakukutoka kitu, kinywa kilikuwa kikavu. Akajaribu tena, midomo ikienda kombo, mpaka muuguzi akacheka, nami nikacheka huku nalia.

"Imeisha, mama," alisema kwa aibu.

Mara ya tatu kikadondoka kitone kimoja kwenye kiganja changu cha kulia. Nikakifunga.

Njiani tukakutana na mama mkwe wangu mtarajiwa, akaninyooshea mkono. Nikampa wa kushoto. Mpaka leo ukweni naitwa binti asiye na adabu, na sijawahi kuwaeleza.